Okota, Shemeji

Taratibu alisema neno moja tu, na neno hilo likamharibia Miwani siku nzima.

"Okota."

Miwani alikuwa ameinama juu ya mpira wake, fimbo ya kusukumia mikononi, macho yakipima mteremko wa grini, ule uwanja mdogo wa nyasi fupi, hadi kwenye shimo. Alidhani hakusikia vizuri, akabaki vile vile ameinama. Watu waliozunguka grini ya mwisho, wanachama wa klabu na jamaa zao, nao walidhani hawakusikia vizuri, maana walianza kutazamana.

"Nimesema okota, shemeji," Taratibu akarudia kwa sauti ya chini zaidi. "Umeshinda."

Asiyecheza gofu aelezwe kidogo. Katika mchezo wa mtu kwa mtu, mpira ukifika karibu kabisa na shimo, kiasi kwamba hata aliyefumba macho angeuingiza, mpinzani wako ana hiari ya kukwambia "okota", yaani tuhesabu umeingia, usijisumbue. Ni adabu ya kawaida, wachezaji huambiana hivyo kutwa. Lakini huambiwa mtu aliyebakiza shibiri. Miwani alikuwa amebakiza urefu wa sebule nzima, tena sebule ya watu wenye nafasi. Ilikuwa fainali, shimo la mwisho, na walikuwa sare. Akiingiza, kombe lake. Akikosa, wanaongeza mashimo. Na sheria ya neno hilo haina mlango wa nyuma: mpinzani akishalitamka hawezi kulirudisha, na aliyeambiwa hana ruhusa ya kulikataa.

Nahodha wa klabu alikohoa, akasita, akakohoa tena, mwisho akaja kumwinua Miwani mkono. Makofi yakapigwa, ya kusuasua mwanzoni, kisha watu wakakumbuka adabu zao wakapiga kwa nguvu. Miwani akauokota mpira wake bila kumtazama Taratibu. Pembeni, kwenye kiti cha kukunja, mama mkwe wake aliyeketi na mkoba mapajani alikuwa akimuuliza jirani yake kama mchezo umekwisha, na kama umekwisha, mbona mshindi amenuna.

Miwani halikuwa jina lake. Alilipata klabuni kwa sababu ya kazi yake. Kutwa alikuwa kwenye duka la miwani, akichonga vioo vienee kwenye fremu, akiwasomesha watu herufi za ukutani na kuwabembeleza wazee wakubali kwamba macho yamechoka. Taratibu naye alikuwa fundi wa lifti, na jina lake lilitokana na uchezaji wake. Kabla ya kupiga aliuzunguka mpira, akachuchumaa, akasimama, akashusha pumzi, akachuchumaa upya, hadi wenzake wakaanza kuulizana kama wamwachie chakula. Aliyempachika jina hilo alikuwa marehemu mume wa Miwani, rafiki yake tangu wakivaa kaptula za shule.

Marehemu ndiye aliyemfundisha mkewe kushika fimbo, uwani nyuma ya nyumba, wakipigia mipira kwenye shuka kuukuu lililotundikwa kwenye kamba ya nguo. Kisha maradhi yakamchukua, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Baada ya mazishi Miwani aliuegemeza mkoba wa fimbo nyuma ya mlango wa stoo, akaufungia huko. Mama mkwe, aliyekuja kuuguza, hakurudi kwake, na Miwani hakutaka arudi. Waliishi wawili katika nyumba ile, kila mmoja akimchemshia mwenzake chai ambayo hakuna aliyeimaliza.

Ni Taratibu aliyefungua mlango wa stoo. Alikuja Jumamosi moja, akasimama kizingitini, kofia mkononi.

"Shemeji, zile fimbo zitakuwa zinashika kutu," alisema. "Rafiki yangu alikuwa na kisirani kwa vitu vyake. Akiamua kuja ndotoni kulalamika, atanijia mimi."

Miwani alicheka, na alipojisikia akicheka akashtuka, kwa maana alikuwa amesahau sauti yake ilivyo.

Wakaanza kufanya mazoezi. Jumamosi zikaongezewa Jumatano, baada ya kazi, kwenye uwanja wa mazoezi ambako nyasi zilikuwa zimechubuliwa na fimbo za watu wasiojua. Miwani alizika mipira mchangani mpaka viatu vikawa vizito, alipiga hewa, alipiga mipira ikaenda kwa watu wengine ikabidi waombe radhi wote wawili. Taratibu hakuwahi kumcheka. Alisimama nyuma yake na kusema, "Bega hilo, shemeji," kisha akanyamaza. Naye Miwani, aliyezoea kuona kasoro ndogo kwenye kioo, ndiye aliyemfundisha Taratibu kusoma mteremko wa grini. Siku moja alimshika kiwiko ili kumwelekeza upande ambao nyasi zimelalia. Kiwiko kilibaki mkononi mwake. Wote wawili wakasahau walichokuwa wakikitazama, na Taratibu, mtu ambaye hakuwahi kufanya lolote kwa haraka, aliaga haraka sana siku hiyo.

Tangu hapo Miwani alikuwa na siri, na siri yenyewe ilimjaa usoni. Alimpenda. Alimpenda kwa ule ukimya wake, kwa mikono yake iliyonukia grisi hata akinawa vipi, kwa jinsi alivyomtaja marehemu bila kushusha sauti. Na kati yao lilikuwa limesimama neno shemeji. Rafiki wa mume ni shemeji. Shemeji unamvutia kiti, unamwekea chai, unamuuliza habari za kazi. Humwoti.

Mama mkwe aliliona mapema kuliko walivyodhani. Wiki ile ya fainali alikuwa sebuleni akikunja nguo zilizotoka kambani, na alizungumza bila kuinua macho.

"Mwanangu, mimi si kipofu. Huyo kijana akitajwa unatazama chini. Ukisikia gari lake unashika nywele. Sikulaumu. Lakini watu watasema mlikuwa mnangoja mwanangu afumbe macho."

"Mama, watu hawalali humu ndani."

"Nalala mimi." Mama alikunja taulo, akaona limepinda, akalikunjua. "Na ukiolewa, mimi nitakuwa mama mkwe wa nani? Nani atalitaja jina la mwanangu nikiwa nasikia?"

Miwani alichukua upande wa pili wa shuka wakalikunja pamoja, wakikaribiana na kuachana mpaka likaisha.

Ndiyo maana asubuhi ya fainali, akifunga kamba za viatu, alijiwekea nadhiri. Hakumwambia mtu. Alijiambia: leo nikifika shimo la mwisho na ushindi uko kwenye fimbo yangu, na mpira ukaingia, sitamwita shemeji tena. Nitamwita kwa jina lake mbele ya watu wote, mbele ya Mama, na litakalokuwa na liwe. Na mpira ukikataa, nitanyamaza, nitabaki na Mama, nitazeeka na chai yangu. Ilikuwa nadhiri ya kitoto, naye alijua. Lakini alikuwa amechoka kuamua peke yake, akataka nyasi zimsaidie.

Nyasi zikaleta mpira pale pale alipoomba. Na Taratibu akasema okota.

Alimkuta kwenye banda la kuhifadhia mikoba, akifuta fimbo ambayo ilikwisha kufutwa. Nje nahodha alikuwa akihangaika na kipaza sauti.

"Kwa nini?" Miwani aliuliza.

"Hongera, shemeji."

"Sikuja kutafuta hongera. Mpira ulikuwa mbali. Ungemwambia nani mwingine aokote kutoka pale? Ungemwambia nahodha?"

Taratibu aliweka kitambaa chini. "Mikono yako ilikuwa inatetemeka. Na Mama alikuwa pale. Nilifikiria ukikosa, utarudi naye nyumbani jioni, mtakaa wawili kwenye sebule ile, na hata hili moja litakuwa limekukataa. Sikuweza kulitazama."

"Kwa hiyo ukanihurumia."

"Nilikuhurumia, ndiyo. Ni kosa?"

"Ni kosa!" "Miaka yote hii watu wananihurumia. Dukani wananihurumia, jirani wananihurumia, hata muuza mboga ananiongezea fungu. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukinipiga mchezoni. Ukinifunga, unanifunga kweli. Nilikuwa nikija hapa kila Jumamosi ili nikutane na mtu mmoja asiyenionea huruma."

Taratibu alikichukua tena kitambaa.

"Na nani alikwambia natetemeka kwa woga?" Miwani aliendelea. "Kulikuwa na kitu kwenye mpira ule. Kitu changu. Umekichukua, na sheria hainiruhusu hata kukudai."

Aliondoka kabla ya machozi. Kombe alikabidhiwa, akapigwa picha, na kwenye picha zile zote anaonekana kama mtu aliyebebeshwa sufuria la mwenzake. Njiani kurudi nyumbani Mama alilipakata, akaligonga kwa kucha kusikia linavyolia, asiulize neno.

Jua lilikuwa bado halijazama Taratibu alipobisha hodi. Miwani alikuwa jikoni. Alisikia Mama akimkaribisha, akasikia kiti kikivutwa chini ya picha ya marehemu iliyoning'inia ukutani. Alishika mpini wa birika asimimine chai, akasikiliza. Kusikiliza mlangoni si tabia nzuri, lakini hakuna mtu mwenye moyo ambaye angeondoka.

Mama ndiye aliyeanza. Alitaka kujua lile neno lina maana gani, kwa maana alikaa juani nusu siku na hakuna aliyemweleza. Taratibu akamweleza yote kwa utaratibu wake ule ule: nani husema, husemwa lini, na kwamba likishasemwa halirudishwi wala halikataliwi.

"Anayesema ni mpinzani peke yake?" Mama aliuliza. "Mtazamaji hawezi?"

"Mpinzani peke yake, Mama. Mtu mwingine akisema, ni kelele tu."

"Na marehemu mwanangu, alikuwa akiwaambia watu?"

Hapo Taratibu alicheka. "Mwanao? Mama, mwanao alikuwa bahili wa neno hilo kama vile anatozwa. Kuna siku mpira wangu ulikaa ukingoni mwa shimo, nusu ndani nusu nje. Ungepuliza ungeingia. Nikamtazama. Akavua kofia, akajipepea, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia, haya sema basi niokote. Akaniambia, subiri, huenda upepo ukageuka."

Kilichofuata Miwani hakukitarajia. Mama alicheka, kicheko kile kikubwa alichokuwa nacho zamani, kikapanda, kikakwama, kikageuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. Alimtaka amsimulie nyingine. Taratibu akamsimulia ya shuka la uwani lililotobolewa, na ya kiatu kilichotumbukia bwawani, na ya siku waliyonyeshewa wakajificha chini ya kibanda kimoja na mwenyekiti wa klabu, marehemu akamwita shangazi kwa sababu ya koti alilovaa. Kila mara jina la marehemu lilitajwa. Lilitajwa waziwazi, kama jina la mtu aliyetoka kidogo.

"Nilidhani jina hilo limebaki humu ndani tu," Mama alisema mwishoni, kwa sauti ya chini.

"Mimi nalitembeza kila siku, Mama. Nikiwa ndani ya lifti peke yangu huwa namsemesha. Mafundi wenzangu wananiona nimeharibikiwa."

Miwani aliingia na sinia la chai. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha. Taratibu akasimama.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Sina cha kujitetea. Nilikunyima mpira wako."

"Basi nirudishie. Kesho asubuhi, kabla watu hawajaanza kucheza. Nauweka pale pale ulipokuwa na ninaupiga."

"Hautahesabiwa. Matokeo yamekwisha."

"Utahesabiwa na mimi."

Taratibu alimtazama kwa muda, muda wake ule wa kuuzunguka mpira. "Nitakuja. Na naapa, neno lile halitatoka kinywani mwangu, hata mpira ukining'inia mdomoni mwa shimo."

"Na mimi nakwenda," Mama alisema, akivuta kikombe chake. "Sitaki kusimuliwa na majirani."

Kabla ya kulala Miwani aliukuta mlango wa chumba cha Mama uko wazi kidogo. Akaingia, akaketi kitandani, akamwambia kila kitu kuhusu nadhiri. Alimwambia pia kwamba ataifuata, mpira uingie au ukatae, na kwamba ukikataa hatalisema tena suala hilo humu ndani. Mama alisikiliza, akamrekebishia upindo wa kanzu yake ya kulalia, akamwambia akalale, macho yake yana kazi asubuhi.

Asubuhi nyasi zilikuwa na umande na bendera ya shimo la mwisho ilikuwa imelowa. Hakukuwa na mtu isipokuwa mfanyakazi mmoja mbali kule akisukuma mashine ya kukatia majani. Taratibu alifungua kiti cha kukunja akamkalisha Mama, kisha akasimama upande wa pili wa grini, mikono nyuma, midomo imebanwa kama mwanafunzi aliyekatazwa kuzungumza.

Miwani alijua mahali penyewe. Aliuweka mpira, akachuchumaa nyuma yake. Mteremko ulikwenda kushoto, halafu karibu na shimo ukasita. Umande ungeuchelewesha, kwa hiyo ulihitaji kusukumwa kwa nguvu kidogo. Alisimama. Mikono ilitetemeka kama jana, akaiacha itetemeke. Akapiga.

Mpira ulikwenda ukiacha mstari kwenye umande. Ulipinda pale alipotaka upinde. Ulilifuata shimo kama unaolijua, ukafika, ukagusa ukingo, ukazunguka nusu, na ukatoka. Ukasimama upande wa pili, mbali na shimo kwa shibiri moja.

Miwani aliutazama mpira ule, machozi yakaanza kumtoka. Alikuwa ameomba jibu, na jibu ndilo hilo. Taratibu alipiga hatua moja mbele, kisha akasimama. Uso wake ulikuwa umejaa neno alilokula kiapo kutolisema, na macho yake hayakuelewa kwa nini mwanamke huyu analilia mpira usiohesabiwa.

"Niliweka nadhiri," Miwani akamwambia. Hakuona sababu ya kuficha tena. "Ungeingia jana, ningekuita kwa jina lako. Mbele ya watu. Nisingekuita shemeji maisha yangu yote." Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Sasa umeona mwenyewe. Umekataa."

Taratibu aliuma mdomo. Mtu asiyejua haraka alionekana kama anayetaka kukimbia pande zote kwa pamoja. "Mimi," alianza, "mimi ningekuwa nimekwisha kukuita kwa lako tangu siku ile ya kiwiko. Nilimwogopa rafiki yangu. Halafu nikamwogopa mama yake."

"Okota," Mama alisema.

Wote wawili waligeuka. Mama alikuwa ameketi vile vile kwenye kiti cha kukunja, mkoba mapajani, akiutazama mpira uliobakia shibiri.

"Mama?"

"Nimesema okota. Si mmebakiza kidogo hivyo? Mnasumbuka nini?"

Taratibu alimsogelea. "Mama, wewe hukuwa mchezaji. Anayesema ni mpinzani."

"Ndiyo, uliniambia jana, nilikusikia." Mama alisimama polepole, akajifuta umande kwenye sketi. "Na katika jambo hili lenu mpinzani alikuwa nani zaidi yangu?" Macho yake yalijaa, lakini sauti haikuyumba. "Utakuja nyumbani kila Jumamosi, kijana, na utanisimulia habari zake. Zote, na zile mbaya. Na wewe, mwanangu, inama uokote. Likishasemwa halikataliwi."

Miwani aliinama. Aliuchukua mpira uliolowa umande, akaufumba kiganjani. Kisha akainua uso, akamtazama mwanaume aliyesimama ng'ambo ya shimo, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa jina lake.